Kompyuta za zamani za mezani huku Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kuchele! Nimekusanya hapa maswali ambayo watu wananiuliza kila siku, wengine wanakuja na mashine juu ya bodaboda kutoka Mikindani, wengine wanapiga simu kutoka Nachingwea huku wameishika bisibisi mkononi. Mi hizi mashine nazipenda na nasema wazi kwamba nyingi zinazotupwa huku kwetu hazijafa, zimeliwa na chumvi, au zimepigwa na umeme, au zimebebeshwa kazi isiyo yao, na vyote vitatu vina dawa.

Mashine yangu ya siku nyingi, ntajuaje kama inafaa kuhangaikia?

Anza na prosesa, ile chipu kubwa inayofanya hesabu zote. Pentium 4 zilianza kutoka mwishoni mwa 2000, Core 2 Duo zikaja katikati ya 2006, na hapo ndo pana mpaka mkubwa. Kuanzia Core 2 Duo zote ni za biti 64, zinakula umeme kidogo na hazichemki sana, kwa hiyo kama unayo moja na inapokea ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 hangaika nayo, itakulipa. Pentium 4 bado ina kazi, kuandika, kupiga muziki, kuunganisha vifaa vyenye matundu ya zamani, ila usiipeleke YouTube utaionea bure.

Zile za nyuma zaidi, 486 za kuanzia 1989 na Pentium za mwanzo, ukiikuta stoo ya shule au ya misheni naomba ufanye kitu kimoja leo leo: fungua uangalie kama kuna betri ya kipipa imechomelewa kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani. Hizo betri zinavuja na maji yake yanakula njia za shaba mpaka bodi inakufa bila hata kuwashwa. Ikate, sugua pale palipoota ukijani kwa mswaki na siki, ndimu pia inafaa, kisha safisha na kausha kabisa.

Kila nikiwasha tarehe inarudi miaka ya nyuma, halafu intaneti inakataa kila tovuti. Ni virusi?

Sio virusi, ni betri ya saa. Ile ya duara kama sarafu, namba yake CR2032, ya volti 3, ndo inashikilia saa na mipangilio ya bayosi (programu ndogo inayoiamsha mashine) umeme ukiwa umezimwa. Ikiisha mashine inaamka inadhani ni 2002, sasa tovuti za siku hizi zinaonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta ikiona cheti hakijaanza hata kutumika inasema tovuti si salama na inagoma. Watu wanapigiwa Windows upya na wanalipa hela kwa ajili ya hii betri ambayo inauzwa hata kwa mafundi saa! Badilisha, rekebisha tarehe, umemaliza. Kama unayo mita pima kwanza, ikisoma chini ya volti 2.7 itoe.

Feni inazunguka, taa inawaka, ila kioo cheusi.

Hili ndo swali namba moja na nusu ya mashine zinazoletwa kwa tatizo hili zinaondoka bila kununua kitu chochote. Fanya hivi kwa mpangilio, usirukeruke.

Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde kama 30 ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua ubavu. Toa ramu zote. Chukua ufutio wa penseli, ule laini wa shule, sugua meno ya dhahabu pande zote mbili taratibu mpaka yang'ae, pangusa vumbi la ufutio usiliache lidondokee kwenye tundu. Huku pwani yale meno yanapata utando ambao macho hayauoni vizuri lakini umeme unauona. Rudisha ramu moja tu, sukuma mpaka vishikio vya pembeni vilie, washa. Ikigoma jaribu tundu lingine, ikigoma jaribu ramu nyingine.

Sikiliza pia milio. Mashine nyingi za zamani zina kaspika ndani, milio mirefu inayojirudia mara nyingi ni ramu, kukiwa na mlio mmoja mfupi maana yake mashine imejikagua ikajikuta salama, sasa tatizo tafuta kwenye monita au waya wake. Na kama kuna kadi ya picha imechomekwa nayo itoe uisugue hivyo hivyo.

Kama feni nayo haizunguki, jaribu pawa saplai peke yake: ichomoe kwenye madabodi, acha feni moja au sidiromu imechomekwa iwe mzigo, kwenye plagi ile kubwa unganisha waya wa kijani na wowote mweusi kwa kipande cha waya, kisha weka umeme. Ikizunguka pima, waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Pawa saplai yenyewe usiifungue kama hujafundishwa, kapasita zake, vile vipipa vinavyotunza umeme, zinashika chaji kali hata baada ya kuchomoa.

Nakaa karibu na bahari. Kweli hewa ya chumvi inaua kompyuta?

Inaua, na inaua kimya kimya. Ukikaa Shangani au kule Mikindani, au Lindi mjini ambako bahari iko pale pale chini ya barabara, upepo unaleta chumvi mpaka ndani, inakaa juu ya bodi pamoja na vumbi. Chumvi ikiwa kavu haina neno kubwa, tatizo chumvi inanyonya maji hewani, kwa hiyo usiku unyevu ukipanda ule utando unalowa na unakuwa njia ya umeme mahali ambapo hapakutakiwa njia. Ndo maana mashine ya steshenari inagoma asubuhi, saa sita mchana inawaka yenyewe, mwenye duka anadhani ina mashetani.

Dawa ya kwanza haina gharama: iwashe. Mashine inayofanya kazi inajipasha joto na kujikausha, ile iliyofunikwa kona miezi minne kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua zote zimeipitia ndo inayokufa. Kama huitumii iwashe hata mara mbili kwa wiki saa nzima nzima. Dawa ya pili ni mahali pa kuiweka, isitazame dirisha la upande wa bahari, isikae sakafuni, inyanyue hata kwa tofali mbili. Ukimaliza kazi subiri ipoe ndo uifunike, tena kwa kitambaa cha pamba, kipande cha kanga iliyochakaa kinatosha, nailoni inafungia unyevu ndani. Na vile vipakiti vidogo vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, weka vitatu vinne ndani ya kasha mbali na feni.

Bodi ikishaota ukijani kwenye pini, spiriti ya duka la dawa na mswaki laini. Ile safi zaidi, aisopropili, ukiipata ni bora. Kwa bodi iliyochakaa kabisa kwa chumvi mi naiosha kwa maji ya betri, nasisitiza yale ya kuongezea ambayo ni maji yasiyo na chumvi wala madini, SIYO asidi, angalia chupa mara mbili. Nikishatoa betri ya saa, ramu, prosesa na feni naiosha, naikung'uta, kisha naianika siku mbili kivulini penye upepo. Zipo bodi nilizokata tamaa nazo na zikarudi kwa njia hii, na kila ikiwaka moja nafurahi kama siku ya kwanza.

Na vumbi la msimu wa korosho?

Puliza kila mwezi Oktoba mpaka Januari, hasa kama ofisi iko jirani na ghala au barabara ya vumbi. Blowa ikikosekana pampu ya baiskeli inafanya kazi, ila zuia feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Pulizia nje, sio ndani ya chumba.

Nimekuta sisimizi ndani.

Wanapenda joto la pawa saplai. Na mijusi nayo, inaingia kwenye matundu ya nyuma ya kadi ambazo zilitolewa na hakuna aliyeziba, inagusa pini mbili inakufa yenyewe na bodi inakufa nayo. Ziba hayo matundu kwa bati au hata kadibodi ngumu, lakini usizibe panapotoka upepo. Usipulizie dawa ya wadudu ndani ya kompyuta, nakuomba.

Umeme ukikatika na kurudi mara kwa mara nifanyeje?

Chomoa. Sio kuzima swichi ya ukutani tu, chomoa plagi, maana hatari haiko kwenye kukatika iko kwenye kurudi, umeme unarudi umebeba kishindo, mafriji ya mtaa mzima yanawaka kwa pamoja, volti inapanda inashuka. Ukirudi hesabu dakika tano ndo uchomeke.

Stabilaiza na UPS watu wanachanganya. Stabilaiza inasawazisha volti, umeme ukikatika nayo inazimika na wewe. UPS ina betri ndani, inakupa dakika chache za kusevu na kuzima kwa utaratibu, basi, sio ya kuangalizia mpira. Zile ndogo nyingi zina betri ya volti 12 ya saa-ampea 7 na baada ya miaka mitatu minne huwa imechoka, kwa hiyo UPS "mbovu" ya mtumba ukiibadilishia betri mara nyingi inapona. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS, inavuta umeme mkali ghafla inapopasha.

Halafu kuna hiki kiswichi chekundu nyuma ya pawa saplai, kimeandikwa 115 na 230. Mashine za mtumba zilizotoka Marekani au Japani huja zimewekwa 115, na umeme wetu ni volti 230. Ukichomeka bila kuangalia utasikia mlio kama fataki, na harufu utaikumbuka. Angalia kabla ya kitu kingine chochote. Kama kiswichi hakipo soma kibandiko, kikisema 100 mpaka 240 inajirekebisha yenyewe.

Kuna vile vipipa vidogo kwenye madabodi vimevimba juu, ni hatari?

Hizo ni kapasita. Mashine nyingi zilizotengenezwa kati ya 1999 na 2007 hivi zilipata kapasita zenye maji mabovu ndani, zinavimba kichwa, zinatoa ugoro wa kahawia, na kompyuta inaanza kujizima au kujiwasha upya bila sababu. Mafundi redio wanaweza kuzibadilisha. Mwambie aweke yenye maikrofaradi zile zile na volti sawa au zaidi, ya joto 105, na aangalie upande wa mstari, ule ni hasi, akigeuza inalipuka. Kapasita nzima zinatolewa kwenye bodi nyingine iliyokufa, ila mpya ni bora kama kuna mtu anakuja kutoka Dar.

Nipige Windows gani?

Kwanza ujue tarehe. XP iliacha kupewa marekebisho ya usalama Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haiingii kihalali kwenye mashine hizi maana inataka prosesa za karibuni na chipu ya usalama ambayo hazina. Kwa hiyo swali langu kwako ni je, inaenda intaneti au haiendi?

Kama haiendi, XP au 7 zitakutumikia vizuri tu. Mashine iliyounganishwa na mizani ya ghala au printa ya sindano, yenye programu iliyoandikwa zamani, iache kama ilivyo, usiiunganishe mtandaoni, usiiboreshe kwa sababu mtu amekwambia ni ya kizamani. Mizani nyingi za magari bado zinatoa namba kwa tundu la COM, lile la zamani la pini tisa, na desktopu ya zamani inalo tundu hilo tayari, laptopu mpya itabidi uitafutie adapta na uombe Mungu ikubali.

Kama inaenda intaneti, weka Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Najua watu wanaliogopa hilo jina lakini mama mmoja mwenye steshenari hapa Chikongola alizoea kwa siku tatu, alichotaka ni kuandika barua, kuprinti na kuskani, vyote vipo. Kwa biti 64 yenye GB 4 weka Linux Mint ya Xfce. Kwa GB 2 au pungufu weka antiX, ni nyepesi mno. Kwa biti 32 uchaguzi umepungua, Debian 12 bado inakubali lakini Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 imeacha kutoa ya kuinstolia kwa biti 32, antiX bado ipo. Jaribu kwenye flashi kabla hujafuta kitu, inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa hadidiski, ukiona sauti, mtandao na printa vinafanya kazi ndo unainstoli.

Niongeze ramu au ninunue SSD?

Kama ramu ni chini ya GB 2 anza na ramu, ikishafika GB 4 hela inayofuata iende kwenye SSD, diski isiyozunguka inayokaa badala ya hadidiski, na utofauti utauona kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Tundu la SATA la zamani, pale inapochomekwa diski, halitafikia kasi yake yote lakini bado itaipita hadidiski mbali sana.

Ramu peleka na ya zamani dukani uifananishe. DDR ya kwanza ina pini 184, DDR2 na DDR3 zote zina pini 240 ila kipengele cha katikati kiko sehemu tofauti, ikikataa kuingia usilazimishe, sio ya hapo. Windows ya biti 32 kwa kawaida haitumii zaidi ya GB 4 hata ukiweka nane, na kati ya hizo nne inaona tatu na kitu.

Mashine zenye ule waya mpana wa pini 40, hapo tumia adapta au hadidiski ya mtumba iliyo nzima, kumbuka jampa, kile kiplastiki kidogo cha kwenye pini kinachopanga diski ipi ni ya kwanza. Na bayosi nyingi za kabla ya 2002 hivi hazioni zaidi ya GB 137, ukiweka kubwa ikasoma ndogo usishangae.

Hadidiski inalia tk tk tk.

Zima sasa hivi. Usiiwashe "mara ya mwisho". Kama kuna picha za harusi au hesabu za chama, kila dakika inayowaka unapunguza uwezekano wa kuzipata. Ukiiwasha tena iwe ni kwa ajili ya kukopi, na anza na vile usivyoweza kuvipata pengine popote.

Mafaili kwenye flashi yamegeuka kuwa shotikati.

Hayajafutwa, yamefichwa. Usibofye hata moja. Ukiwa na Linux chomeka tu, ruhusu kuonyesha vilivyofichwa, utayaona, yakopi, kisha fomati flashi. Kwenye Windows fungua ile skrini nyeusi ya amri, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Steshenari zote zinateseka na hiki kitu, na mashine moja ya Linux mlangoni kwa ajili ya kupokea flashi za wateja inakata huo mzunguko.

Monita ya kichogo nitupe?

Kama inaonyesha vizuri itumie. Ikiharibika usiifungue, mule ndani kuna volti elfu ishirini na zaidi na inabaki na chaji hata ikiwa imechomolewa. Na kwa umeme wa LUKU ujue inakula: Pentium 4 na kichogo pamoja ni kama wati 175, ukifanya kazi saa nane ni uniti 1.4 hivi kwa siku, wakati Core 2 Duo na kioo bapa ni kama wati 85, haifiki hata uniti 0.7. Kwa mwezi utalipata hilo tofauti kwenye mita, kwa hiyo kioo bapa cha mtumba kinajilipa.

Sasa nikishaifufua itafanya kazi gani?

Hapa ndo ningependa watu wakae wafikiri, maana mashine nyingi nilizofufua zikafa tena zilikufa kwa kukosa kazi. Ipe kazi MOJA. Anayetaka moja icheze filamu, iprinti, iingie intaneti na watoto wachezee gemu, huyo atarudi kwangu baada ya wiki analalamika ni nzito.

Kuandika na kuprinti, hiyo inajulikana. Daftari la duka kwenye LibreOffice, mali iliyoingia na iliyotoka, mzee mmoja wa vifaa vya ujenzi anafanya hivyo na Pentium 4 hajawahi kuiunganisha na intaneti hata siku moja, jioni anakopi kwenye flashi mbili, moja inalala dukani moja nyumbani. Watoto kujifunza kutaipu, kuna Tux Typing na GCompris, zote bure, na kibodi ya zamani yenye vitufe virefu ni nzuri kwa vidole vinavyojifunza.

Ila ninayoipenda kuliko zote ni maktaba ya shule. Unaweka Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, unashusha Wikipedia ya Kiswahili ikiwa faili moja linalobebeka kwenye flashi, unaliweka kwenye Core 2 Duo moja, kisha kwa ruta ya kawaida isiyo na bando hata ya shilingi kumi wanafunzi wanafungua kwa simu au kompyuta nyingine darasani. Shule ya kule bara ya mkoa, Tandahimba au Ruangwa, ambako mtandao unasuasua, mashine ambayo ofisi ya mjini imeiita takataka inakuwa maktaba.

Spea napata wapi?

Usitupe mashine iliyokufa, hiyo ndo stoo yako. Kabla hujaagiza Dar zungukia steshenari na ofisi zinazobadilisha vifaa uliza kwa adabu. Chukua mbili tatu za aina moja ikiwezekana, pawa saplai, feni na ramu zitaingiliana.

Lini nikubali kwamba imekufa?

Ukishabadilisha pawa saplai, umejaribu ramu nyingine, umetoa kila kadi, umeosha bodi na bado haitoi hata mlio, bodi imeondoka. Toa hadidiski kwanza, na kama unaigawa au kuiuza ifute yote kwa kuiandikia juu, kufomati kwa haraka kunaacha barua za watu mule ndani na mtu mwenye programu ya bure anazisoma. Kisha toa ramu, feni, prosesa, waya, betri ya saa, skrubu zote ziweke kwenye kopo, na kasha lenyewe usilichome moto nyuma ya nyumba kutafuta shaba, ule moshi watoto wanauvuta. Kasha tupu niletee, nina bodi mbili nzima hapa hazina pa kukaa.